Chapa ya Baba kwenye Mkanda wa Teksasi

Mwaka 1980 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ndipo shida ilipoanza, na ilianza mchana kweupe, nikiwa machungani. Vita ya Uganda ilikuwa imekwisha, bunduki zilikuwa zimebaki mikononi mwa watu, na kwetu Usukumani bunduki ilikuwa na kazi moja tu: ng'ombe. Wezi walinilaza kifudifudi. Mmoja aliniwekea mguu mgongoni, wenzake wakaswaga kundi zima la baba kuelekea magharibi, wanapiga mluzi kama watu wanaopeleka ng'ombe wao kunywa maji. Sikupigana. Mtoto hapigani na bunduki, na mtu anayesema yeye angepigana hajawahi kulazwa kifudifudi.

Baba alifuata nyayo. Alifika minada ambayo hata majina yake hatukuyajua, akawa anasimama kando ya ua anaangalia mapaja ya kushoto ya ng'ombe wa watu. Chapa yake ilikuwa mwezi mchanga uliolala chali, na mstari mmoja chini yake. Hakuiona popote. Alirudi amekonda, akakaa msimu mmoja, akafa. Watu walisema ni kifua. Mimi nilikuwa nalala naye nyumba moja, nasema ni ng'ombe.

Siku zile, kwetu, mzee mwenye mji alizikwa amefunikwa ngozi ya ng'ombe wake. Sisi hatukuwa na ng'ombe. Jirani, Mungu amlaze pema, alichinja dume lake akatupa ngozi. Mimi nilishika upande mmoja wakati wazee wanamfunika baba, na kwenye ngozi ile, juu kabisa, ilikuwepo chapa ya jirani: misalaba miwili. Watu wote waliiona. Baba alishuka kaburini kama mali ya mtu mwingine.

Naandika haya mwanzoni ili msomaji ajue kwa nini mtu mzima kama mimi niligombana Guangzhou, huko China, kwa ajili ya kipande cha chuma.

Shule niliacha darasa la nne. Nilianza kuuza chumvi kwenye minada ya ng'ombe, nikaja kwenye mitumba, na huko mnadani ndiko nilikosoma watu. Mwenye ng'ombe akishauza hanunui kitu kidogo. Anataka kofia ya pama yenye ukingo mpana, buti yenye kisigino, mkanda mpana wenye bizimu kubwa, kile chuma cha mbele, kinachowaka jua likikipiga. Na anataka redio yenye nyimbo za gitaa za kauboi. Haelewi neno moja la Kiingereza, lakini anajua huu ni wimbo wa mtu aliyeachwa na huu ni wa mtu aliyefiwa na farasi, na kwa ule wa farasi ndio anatoa machozi. Baa iliyokuwa karibu na mnada wetu iliitwa Teksasi. Kijana akianza fujo aliambiwa, "Usituletee Uteksasi hapa." Kibanda cha video kilionyesha watu wa farasi kila Jumapili. Teksasi ilikuwa kila mahali na hakuna aliyejua iko upande gani wa dunia.

Mimi sikuhitaji kujua. Nilihitaji kujua pama zinatoka wapi. Nikaambiwa Kariakoo. Nilipofika Kariakoo nikaambiwa China. Basi nikaenda China.

Ng'ombe sikutaka kuwaona tena isipokuwa kwenye sahani. Hela yangu niliiweka kwenye maduka na matofali. Ndugu zangu walisema mtu wa kwetu asiye na ng'ombe ni mpita njia. Nikawaambia mpita njia ndiye anayewalipia watoto wenu ada.

Guangzhou nimeenda na kurudi miaka mingi sasa. Mzigo wangu nauchukua Zhanxi, kwenye maduka ya jumla yaliyo jirani na stesheni ya treni, mahali ambapo ukisimama kufikiri mkokoteni unakupanda kisigino. Kuna dada mmoja wa Kichina ananiuzia mikanda. Ananiita laoban, yaani bosi, lakini anamwita kila mtu hivyo, hata mwenye mkokoteni. Duka lake ni ukuta mtupu wa mabizimu: nyota moja kubwa, kichwa cha ng'ombe, farasi amesimama kwa miguu ya nyuma. Yule ng'ombe wa kwenye bizimu ana pembe ndefu zilizotanuka kama za ng'ombe wa Ankole. Siku ya kwanza nilimwangalia nikasema, huyu namjua.

Chakula nakula mtaa wa Xiaobei, nyumbani kwa mama mmoja wa Kigoma aliyepanga ghorofani na kupika ugali, dagaa na supu ya ng'ombe. Huko ndiko nilikokutana na mzee wa Teksasi. Alikuwa mweusi kama mimi, mrefu, anafundisha watoto Kiingereza jijini, na alikuwa amevaa pama. Siyo pama yangu ya dukani. Yake ilikuwa imekula jasho la miaka. Kiingereza changu ni cha sokoni, kwa hiyo mama alitutafsiria, maana yeye kasoma sekondari.

Nilimuuliza ametoka wapi. Akasema Teksasi.

"Mama, mwambie asinitanie," nikasema. "Teksasi ni ya wazungu. Nimewaona kwenye video."

Mama akatafsiri. Yule mzee akaweka kijiko chini, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwambie," alisema, "waliotengeneza hizo video hawakufika kwetu. Babu zangu wamechunga ng'ombe kabla hao wa kwenye video hawajazaliwa."

"Ng'ombe wenye pembe hizi?" Nikamwonyesha sampuli ya bizimu kutoka mfukoni.

"Hao hao. Na hiyo nyota ni yetu. Iko kwenye bendera, iko kwenye mageti, iko kwenye vikombe. Mtu wa kwetu akiulizwa wewe ni wa wapi, hasemi Marekani. Anasema Teksasi, halafu anakusubiri ushangae."

"Kama Msukuma," mama akaniambia kwa Kiswahili. "Ila huyu angalau ana bendera."

Toka siku ile tukawa tunakula pamoja kila nikifika. Alikuwa na kiburi cha watu wa ng'ombe, kwa hiyo tulielewana. Hakuna nyama aliyoiona ya maana. Alisema kwao kidari cha ng'ombe kinawekwa kwenye moshi asubuhi, kinageuzwa kwa subira mpaka jioni, na mtu anayekihimiza kwa moto mkali hawezi kupewa binti wa watu. Mama alimwambia kama ni hivyo akapike mwenyewe, gesi ya nyumba hii inalipiwa. Alitueleza pia siku yao ya mwezi wa sita, sikukuu ya watu weusi wa kwao. Wenzao mahali pengine walikuwa wameshatangaziwa kuwa si watumwa tena, wao wa Teksasi walikuwa bado wanachunga ng'ombe wa bwana kwa sababu hakuna aliyekuja kuwaambia. Habari ilichelewa zaidi ya miaka miwili. Siku hiyo wanachoma nyama na kunywa soda nyekundu. Alilisema hilo bila kucheka, na mama alipotafsiri alishusha sauti.

Siku moja aliniambia kwao mwenye ng'ombe anavaa chapa yake. Anaitengeneza kwenye bizimu la mkanda, anaitundika getini, wengine wanaichonga hata kwenye kiti cha sebuleni. Ukiingia nyumbani kwake unajua umeingia kwa nani.

Sikulala na wazo lile. Nilikwenda nalo moja kwa moja Zhanxi. Nikamchorea yule dada mwezi uliolala chali na mstari chini yake.

"Bakuli juu ya meza?" akauliza. Kiswahili kidogo alikuwa amekiokota kwetu, na kilichobaki tulikikamilisha kwa vidole.

"Baba yangu," nikamwambia.

Akaniangalia, akaangalia mchoro. "Baba wewe, bakuli?"

Nikamwambia apeleke kiwandani na asiulize. Kiwanda kilitengeneza kalibu, sisi wafanyabiashara tunaita moldi, chuma kizito kinachomwagiwa madini yaliyoyeyuka na kutoa mabizimu yanayofanana. Lilipotoka la kwanza nililishika mkononi nikatoka nje ya duka. Nilisimama pale kwenye kelele za mikokoteni. Miaka yote hiyo chapa ya baba haikuwa mahali popote duniani, ila kichwani kwangu. Sasa ilikuwa chuma, na ilikuwa inang'aa. Nilijaza katoni, ejenti akazipakia bandarini Huangpu pamoja na pama na buti, nikapanda ndege kurudi nyumbani kuzisubiri.

Mnadani mdogo wangu aliitundika mikanda kwenye kamba, akawa anapiga kelele, "Mkanda wa Teksasi! Mkanda wa mwenye mali!" Mimi nilikaa nyuma kwenye kiti. Kijana mmoja mnunuzi wa ng'ombe akachukua, akavaa hapo hapo, akatembea hatua chache kujionyesha. Wenzake wakamtazama tumboni. Halafu mmoja akalia kama ng'ombe.

"Leo umenunuliwa na nani?"

"Kibali chako cha kusafirishwa kiko wapi? Bwana mifugo kakupima?"

"Geuka tuone na paja!"

Akageuka kweli, mjinga yule, na kicheko kikalipuka mpaka wenye mbuzi wakaja kuangalia. Kijana akaufungua mkanda haraka kama umemuunguza, akamrudishia mdogo wangu. "Nipe ule wa nyota. Nyota haina mwenyewe."

"Nyota ina wenyewe," nikamwambia. "Wako Teksasi."

"Hao hawaji mnadani, mzee."

Siku nzima hatukuuza hata mmoja wa chapa. Walioshika waliuliza kwanza, "Hii ya nani?" Mdogo wangu akijibu ni ya baba yetu, waliuachia taratibu, kwa heshima, na hiyo heshima iliniuma kuliko vicheko vya vijana. Kwetu chapa inasema jambo moja: aliyeibeba ni mali ya fulani. Mtu mwenye akili atajitia chapa ya mwenzake kwa hiari? Na mtu anayekutwa na chapa isiyo yake bila karatasi anaitwa mwizi. Nilizaliwa katika hayo. Nililala chini ya mguu wa mwizi kwa ajili ya hayo. Halafu nikaenda China, nikasikiliza habari za Teksasi, nikasahau.

Jioni alikuja mzee mmoja aliyekuwa rika la baba. Nilisimama kumwamkia.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka." Alikaa, akaomba mkanda mmoja. Akapitisha kidole gumba kwenye ule mwezi, taratibu, kama anayesoma. "Ni yenyewe. Umeikumbuka vizuri."

"Nimeikumbuka, baba."

"Nilikuwepo tulipomzika. Niliona misalaba ile miwili." Akaulaza mkanda mapajani. "Tuliona aibu, mwanangu. Tulimzika rafiki yetu na chapa ya mtu. Sasa wewe umekuja kuwavisha watu wa watu chapa ya baba yako. Unawafanyia kile kile tulichomfanyia yeye."

Nikaupokea ule mkanda, nikaishusha na mingine yote kwenye kamba.

Nilipakia katoni zote stoo. Nikadhani mambo yamekwisha, hasara ni yangu na nimeizoea. Nikarudi Guangzhou kwa mzigo mwingine, nikaingia Zhanxi kwa yule dada, nikainua macho ukutani. Kati ya farasi na nyota ulikuwa umetundikwa mwezi wa baba. Ulikuwa umepakwa rangi ya dhahabu.

"Laoban!" akaniambia kwa furaha. "Bakuli wewe, nzuri! Laoban wa Kongo kachukua. Mwingine anataka, kesho."

Nilimwambia ashushe. Akadhani nataka bei. Nikasema sitaki bei, nataka moldi yangu. "Meiyou," akasema, hakuna, moldi iko kiwandani. Nikasema ilete. Akasema haiwezekani, moldi inakaa kiwandani, ndivyo biashara ilivyo, na kweli ndivyo ilivyo kwa watu wengi. Tulipandishiana sauti mpaka jirani wa viatu akaja kuchungulia. Nikatoka bila kununua kitu, jambo ambalo sijawahi kufanya Zhanxi.

Nilikwenda kwa mama wa Kigoma na hasira zangu. Mzee wa Teksasi alikuwepo, anakunywa supu. Nikamwambia wewe ndiye uliyenitia kwenye mambo haya na vichapa vyenu vya kwenye mikanda. Mama alitafsiri, na naamini alipunguza.

Mzee hakukasirika. Aliuliza swali moja. "Una ng'ombe wangapi?"

"Sina."

Akasubiri kama vile sijamaliza. Mama akarudia, "Anasema hana." Yule mzee akavua pama, akaiweka mezani kwa kuipindua juu chini.

"Nilidhani unao," alisema. "Kwetu chapa inaandikishwa kwenye mahakama ya wilaya. Wanaandika ni alama gani na inakaa upande gani wa ng'ombe. Usipoiandikisha upya muda wake ukifika, imekufa, na mtu mwingine yeyote anaweza kuichukua. Mkanda unakuja mwisho kabisa. Mtu anavaa bizimu kwa sababu malishoni kuna ng'ombe wanaomtolea ushahidi. Chapa isiyo na ng'ombe ni picha. Picha itauzwa."

Halafu akatuambia habari ya baba wa babu yake. Alizaliwa mtumwa, kwenye shamba la ng'ombe. Alipokuwa huru alipata ndama wawili, majike, kama malipo ya kazi ya msimu. Kabla hajajenga hata nyumba alitembea mpaka wilayani kuandikisha chapa. Karani alimtaka aandike jina. Hakujua kuandika jina. Akachukua kalamu akachora chapa yake, karani akaikubali, na mpaka leo imo kwenye kitabu kile.

"Na ng'ombe?" nikauliza.

"Waliisha zamani. Baba yangu aliuza wa mwisho. Mimi nimebaki na kofia." Akaichukua pama yake, akaivaa. "Kwa hiyo najua ninachokuambia."

Mama hakutafsiri sentensi ile ya mwisho mara moja. Alikwenda jikoni kwanza.

Nilirudi Zhanxi kesho yake. Nilipitia njiani nikanunua machungwa, maana mtu haendi kusuluhisha mikono mitupu. Yule dada aliyapokea bila kutabasamu. Nikamuuliza, kwenu kijijini majina ya mababu mnayaweka wapi? Alifikiri sijui ninachosema. Nikachora nyumba, nikachora watu wanainama. Akaelewa. Akanionyesha picha kwenye simu: nyumba ya ukoo yenye paa la vigae, mlango mkubwa, na ndani ubao mwekundu wenye maandishi ya dhahabu. Wanakwenda kila mwaka, watoto wote na wajukuu.

"Chukua jina lile," nikamwambia. "Weka kwenye ndala. Uza Kongo."

Akasimama na simu mkononi. Akaniangalia, akaangalia ukutani.

"Hii," akauliza polepole, "baba?"

"Baba."

Alipanda kiti mwenyewe, akaushusha ule mwezi. Kisha akapiga simu kiwandani, akaongea kwa ukali mpaka nikamhurumia aliyepokea. Moldi ililetwa mchana kwa pikipiki, imefungwa gazeti. Alinitoza bei ya chuma. Nilimheshimu kwa hilo, ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Mabizimu yaliyokwisha kuchukuliwa na yule wa Kongo hatukuweza kuyarudisha. Huko yaliko, yanaitwa bakuli.

Nilipeleka ile moldi kwa fundi wa kuchomelea nikamwambia aikate katikati. Aliuliza kama nina akili timamu, maana kilikuwa chuma kizuri. Nikamwambia kata. Cheche ziliruka mpaka barabarani. Mzee wa Teksasi alikuja nami, akasimama kando ameshika pama yake kifuani.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta mhunzi anichongee chuma cha chapa chenye mpini mrefu. Halafu nikaenda mnadani, kama mnunuzi. Mdogo wangu alisema, "Kaka, umezeeka, sasa unataka mavi ya ng'ombe viatuni?" Nikamwambia ashike kamba. Nilikwenda kwa bwana mifugo wilayani, nikaandikisha: mwezi uliolala chali, mstari chini, paja la kushoto. Yule mzee rika la baba ndiye aliyeshika chuma kwa dume la kwanza. Alama ilitoka safi. Mikanda ya stoo niliing'oa mabizimu yote nikampa mhunzi ayayeyushe, ngozi nikaziwekea nyota. Zimeisha.

Leo nina haya. Nyumba Shinyanga mjini, ya matofali ya kuchoma. Nyumba mbili za kupangisha Kahama. Duka la jumla Kariakoo, la kupanga. Stoo moja. Lori moja, bovu kila mara. Paspoti mbili zilizojaa mihuri na moja mpya. Pama nne, moja imekula jasho la miaka, nimepewa zawadi na haiuzwi. Shamba la malisho lenye kisima. Ng'ombe hamsini na tisa wenye chapa. Ndama wanane ambao bado hawajafikia umri wa chuma.